Ukoga wa Meno na Dawa ya Kusukutua

Nimeombwa niseme nanyi, watu wa Arua na Koboko, juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa haraka mlangoni mwa duka la dawa, nalo ni kama yafaa mtu kusukutua kinywa kwa maji ya dawa yenye kuua vijidudu ili apunguze ukoga wa meno yake. Na kwa kuwa neno lisemwalo kwa haraka aghalabu hufahamika nusu, na nusu iliyobaki hulipwa kwa maumivu, naomba ruhusa yenu nilieleze kwa wasaa. Jibu langu sitalificha hadi mwisho. Dawa hiyo yafaa, na kufaa kwake kuna ithibati. Walakini hulifaa jino lililokwisha kusafishwa, ikalikinga lisishikwe na ukoga mpya, wala haina nguvu ya kuung'oa ukoga uliokwisha kukomaa. Anayeitumia badala ya mswaki hupata harufu njema, na maradhi yake yakabaki pale pale yalipokuwa.

Kuujua ukoga hakuhitaji darubini. Kesho asubuhi, kabla hujapiga mswaki, nawa mikono, simama penye mwanga, vuta mdomo wa chini, kisha pitisha ukucha taratibu pale jino la mbele linapokutana na ufizi. Ukucha utatoka na utando mweupe unaoelekea manjano, laini, wenye kunata, nao ukiupaka juu ya kidole kingine utauona unateleza kama uji mzito uliopoa. Watu wengi hudhani kuwa utando huo ni mabaki ya chakula cha jana, na kwa hiyo huamini kwamba maji yoyote yenye nguvu yataukumba na kuutoa. Sivyo. Ukoga ni vijidudu hai, walioshikamana wao kwa wao na kushikamana na jino kwa ute wanaoutengeneza wenyewe, na katika miligramu moja tu ya utando huo wamo zaidi ya milioni mia moja. Wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya jinsi 700 za vijidudu wanaoweza kuishi katika kinywa cha binadamu, wengi wao wasio na madhara maadamu hawakupewa nafasi ya kurundikana. Wakirundikana bila kuguswa, chumvi zilizomo katika mate huanza baada ya siku chache kuugeuza utando ule kuwa ugaga, ambao ni mgumu mithili ya jiwe, na ugaga haung'olewi na mswaki wala dawa ya kusukutua, bali na chombo cha tabibu wa meno peke yake.

Mtu wa kwanza kuwaona vijidudu hao hakuwa tabibu. Alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft, Uholanzi, aliyejichongea mwenyewe vioo vya kukuzia vitu vidogo, na katika barua aliyoiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London mwezi wa Septemba 1683 alieleza kuwa ndani ya utando aliouparura katika meno yake mwenyewe, ambayo alikuwa akiyasugua kwa chumvi kila asubuhi, alikuta viumbe vidogo vikienda huku na huku kwa wingi wa kustaajabisha. Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu sisi hasa. Leeuwenhoek alisukutua kinywa kwa siki kali, akautazama tena utando wake, akaona kwamba viumbe vile vingali hai. Lakini alipoutoa utando nje ya kinywa na kuuchanganya na siki hiyo hiyo, vikafa mara moja. Akahitimisha kuwa siki iliwaua wale wa juu tu, wala haikupenya hadi ndani ya utando. Tangu mwaka ule hadi leo imepita zaidi ya miaka 300, na maduka ya dunia yamejaa chupa za kila rangi, lakini jambo aliloliona mchuuzi yule wa nguo halijabadilika. Kila mama aliyepata kuacha sufuria ya posho motoni ikashika ukoko anajua kwamba maji pekee, hata yakiwa moto na yenye sabuni, hulainisha ngozi ya juu, na kwamba kilichobaki chini hungoja mkono wa kusugua.

Kwamba vijidudu hao ndio wanaoozesha meno, hilo lilielezwa kwa uwazi mwaka 1890 na Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya utafiti wake mjini Berlin, alipoonyesha kuwa wao hula sukari na wanga tunaoacha kinywani na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayolila jino. Mwenye kunywa soda mara moja pamoja na chakula chake huupa ukoga karamu moja. Dereva wa lori anayetoka Koboko kwenda Oraba mpakani na kuvuka kuingia Kaya huku akipiga funda la soda kila baada ya maili chache, au kijana anayetafuna mairungi usiku kucha na kinywaji kitamu ubavuni, huupa ukoga karamu isiyokatika, kwa maana mate huhitaji muda wa nusu saa au zaidi kuituliza asidi ya kila funda, na yeye hayapi muda huo.

Upande wa fizi ulichukua muda mrefu zaidi kuthibitishwa. Mwaka 1965 Harald Löe, Mnorwe aliyekuwa akifundisha Aarhus katika nchi ya Denmark, pamoja na wenzake, waliwaomba watu 12 wenye vinywa vyenye siha, wengi wao wanafunzi wa utabibu wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 kila mmoja wao alikuwa amepatwa na uvimbe wa fizi. Waliporudia kusafisha, ukoga ukaondoka na fizi zikapona. Sina budi kulikazia jambo hili mbele ya wazazi, kwa sababu nimesikia mara nyingi katika nchi yetu ya West Nile fizi zenye kutoka damu zikisingiziwa ukosefu wa matunda, au uzee, au urithi wa ukoo, na mtu kwa kuiogopa ile damu akaacha kupiga mswaki mahali panapomtoka. Kwa kufanya hivyo huuongezea ukoga siku za kukomaa, na ufizi ukazidi kuvimba. Mahali panapotoka damu ndipo panapostahili mswaki laini na mkono wa taratibu, kwa saburi, juma zima au zaidi. Na wavutaji wa tumbaku, zao ambalo wakulima wengi wa jimbo letu wamelilima kwa miaka mingi, wasidanganyike wakiona fizi zao hazitoki damu, kwa maana tumbaku huizuia damu isionekane huku mfupa unaoshika meno ukiendelea kuliwa chini kwa chini.

Sasa tufike kwenye dawa yenyewe. Ziko dawa za kusukutua za namna nyingi, lakini iliyo na ithibati kubwa kupita zote ni ile iitwayo klorheksidini, iliyobuniwa Uingereza na kuanza kutumika katika miaka ya 1950 kwa kusafishia ngozi na majeraha. Ni Löe yule yule, safari hii pamoja na Rindom Schiøtt, aliyeonyesha mwaka 1970 kuwa watu walioacha kupiga mswaki kwa majuma kadhaa, lakini wakasukutua mara mbili kwa siku kwa mililita 10 za maji yenye klorheksidini ya asilimia 0.2, hawakupatwa na ukoga wala uvimbe wa fizi. Habari hii ikisomwa upesi yaonekana kuyavunja yote niliyoyasema, na wauzaji wengine wameisoma hivyo. Lakini tazameni vizuri jinsi jaribio lilivyoanza: kabla ya siku ya kwanza meno ya watu wale yalisafishwa na kung'arishwa kabisa na matabibu, na dawa ikapewa jino tupu la kulinda. Hakuna aliyeletwa na ukoga wa miezi mitatu na ugaga chini ya ulimi akaambiwa asukutue tu.

Siri ya nguvu yake ni kwamba haiondoki kinywani pamoja na mate yanayotemwa. Chembe zake zina chaji ya umeme iliyo kinyume na ile ya jino, ya ngozi ya ndani ya kinywa na ya miili ya vijidudu, na kwa hiyo hunata huko, kisha zikaachiliwa kidogo kidogo kwa muda unaokaribia saa 12, ilhali dawa nyingine nyingi huua kwa dakika chache na kwisha. Mwaka 2017 jumuiya ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima, ilichapisha mapitio ya majaribio 51 yaliyowahusu watu 5,345, ikaona kwamba klorheksidini ikitumiwa pamoja na mswaki kwa muda wa kuanzia majuma manne hadi miezi sita hupunguza ukoga kwa kiasi kikubwa, na kwamba uvimbe wa fizi, kwa watu waliokuwa na uvimbe mdogo, hupungua kwa kiasi kidogo tu. Basi manufaa yapo, nayo yana mpaka wake.

Madhara yake pia hayana budi kutajwa, kwa kuwa mtu asiyeambiwa huitupa chupa katikati ya safari. Klorheksidini huyatia meno na ulimi madoa ya rangi ya hudhurungi, na madoa hayo huzidi kwa mnywaji wa chai, nasi hapa twajijua, maana ni nyumba gani ya mtaa wetu wa Oli isiyo na birika la chai ya tangawizi asubuhi na jioni? Madoa si ugonjwa, na tabibu huyaondoa, lakini humtisha mtu aliyenunua dawa ili meno yawe meupe. Huipotosha ladha ya chakula kwa muda, hasa ladha ya chumvi, na kwa baadhi ya watu huongeza ugaga. Kwa nadra yupo mtu ambaye mwili wake huikataa dawa hii kwa ukali, akavimba uso au kushindwa kupumua, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Kwa sababu hizi dawa hii si ya kutumiwa mwaka mzima kama chumvi ya mezani, bali ni ya majuma mawili au mwezi, kwa shauri la tabibu na kwa sababu iliyo dhahiri.

Kuitumia nako kuna utaratibu wake. Kipimo ni mililita 10 kwa dawa ya asilimia 0.2, au 15 kwa ile ya asilimia 0.12, ambayo nayo inapatikana, na jumla ya dawa halisi inayoingia kinywani katika vipimo hivyo viwili yakaribia kuwa sawa. Ipeleke huku na huku kwa dakika nzima, uiteme, wala usisukutue kwa maji baada yake. Tena isifuate mara moja mswaki wenye dawa ya meno, kwa kuwa sabuni inayofanya povu ndani ya dawa ya meno huikamata klorheksidini na kuidhoofisha. Ngoja nusu saa. Mtoto aliye chini ya miaka sita asipewe, maana atameza.

Nani basi anayeihitaji? Nitataja mgonjwa mmoja ambaye barabara zetu humleta hospitalini pasi na kukoma, naye ni kijana aliyeanguka na bodaboda, akavunjika taya, na taya likafungwa kwa nyaya ili mfupa uunge. Kwa majuma manne au sita hawezi kufungua kinywa. Hunywa uji na mchuzi kwa mrija, na nyaya zenyewe hushika kila kinachopita. Mswaki wake waweza kugusa upande wa nje wa meno tu, na hata hapo kwa uchungu. Kwa mtu huyu dawa ya kusukutua si anasa, kwa sababu hakuna mkono wala mswaki utakaoufikia upande wa ndani mpaka nyaya zitakapokatwa. Wanaofanana naye ni mtu aliyepasuliwa fizi, na mzee ambaye kiharusi kimemnyang'anya mkono wa kulia, na mlemavu ambaye kila siku husafishwa na mtu mwingine. Hao ndio ningependa chupa za klorheksidini ziwafikie kwanza, kabla ya sisi tulio na mikono miwili mizima.

Juu ya dawa nyingine nitapita kwa haraka. Ziko zile za mafuta ya mimea, na mashuhuri kati yao ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 na Joseph Lawrence, akaiita Listerine kwa heshima ya Joseph Lister, mpasuaji aliyefundisha ulimwengu kuwa vidonda vyaweza kukingwa na vijidudu; ilikuwa dawa ya upasuaji kabla haijawa ya kinywa, na ni matangazo ya biashara ya miaka ya 1920 yaliyoifanya kuwa dawa ya kuondoa harufu. Mafuta yake, thimoli na mentholi na wenzake, hupunguza ukoga kweli, ingawa si kwa kadiri ya klorheksidini, na kwa kuwa hayana madoa yale huweza kutumiwa muda mrefu zaidi. Namna yake ya asili ina kileo kwa zaidi ya asilimia 20, na ziko siku hizi nyingine zisizo na kileo. Mwislamu mwenye kujihadhari, na mtu aliyeacha pombe kwa jitihada kubwa, wasome maandishi ya chupa kabla ya kulipa. Ziko pia chupa zisizo na dawa yoyote ya kuua vijidudu, zenye rangi na manukato peke yake, na hizo hufunika harufu kwa saa moja. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi ni mazuri kwa kidonda cha jino lililong'olewa, kuanzia siku ya pili, na hayana gharama. Lakini hayashindani na klorheksidini katika kuzuia ukoga.

Na mswaki wa mti? Kwa haki na insafu, wazee wetu hawakungoja Ulaya kuwafundisha kusugua meno. Katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, mswaki umekokotezwa kiasi cha kujulikana na kila mtoto wa madrasa, na Shirika la Afya Duniani lilitia moyo matumizi yake mwaka 1986 katika nchi ambazo ni desturi. Mti ambao Waarabu huuita araki huota katika nchi kavu, hata Karamoja, na hapa kwetu watu wengi hutumia kijiti cha mwarobaini. Kikitafunwa ncha hadi ikawa nyuzi, kisha nyuzi zikasugua kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, kijiti hufanya kazi ile ile ya kuvunja utando. Upungufu wake ni kwamba watumiaji wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana na kuyasahau magego, na hakina floridi ya kutosha, ambayo ndiyo kinga kubwa ya jino dhidi ya asidi. Ikiwa nyumba ina fedha ya kitu kimoja tu, rai yangu ni dawa ya meno yenye floridi na mswaki, uwe wa dukani au wa mti, na chupa ya kusukutua ingoje.

Masheikh waliniuliza juu ya Ramadhani. Hukumu ya kusukutua mchana wa saumu ni yao wala si yangu, lakini naweza kueleza upande wa tabibu, nao ni mwepesi. Dawa yenyewe hutakiwa mara mbili kwa siku, kwa kupishana takriban saa 12, na katika nchi hii iliyo karibu na ikweta muda kati ya daku na futari haupiti sana saa 13. Aliyeandikiwa dawa hiyo akimaliza daku apige mswaki, angoje nusu saa, asukutue kabla ya alfajiri kuingia, kisha arudie usiku baada ya kufuturu. Hatakuwa amepoteza hata sehemu ndogo ya faida yake, na mchana wake utakuwa huru na shaka.

Nimebakiwa na tahadhari moja, nayo nisingeondoka hapa bila kuitoa, kwa sababu ni ya nchi hii hasa. Nimesema fizi zilizovimba na meno yenye kulegea aghalabu hutokana na ukoga. Lakini hayo ni kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano au saba ambaye magego yake yanalegea bila ya wakati, na shavu au taya likavimba kwa majuma machache, huenda akawa na maradhi mengine kabisa, nayo ni saratani ya taya ambayo Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliiandika mwaka 1958. Hapa hapa kusini mwa Arua, katika hospitali ya Kuluva, Dakta Ted Williams na ndugu yake Peter waliwatibu watoto hao na kuandika habari zao kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1961 Ted alifuatana na Burkitt katika safari ya gari ya maili 10,000 ya kutafuta mpaka wa maradhi hayo katika Afrika. Watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yakaonyesha uhusiano kati ya saratani hiyo na virusi vya Epstein na Barr. Elimu hiyo dunia nzima inaitumia, na ilitoka katika mikono ya wazazi wa vijiji vyetu waliokubali watoto wao wachomwe sindano. Saratani hiyo hukua kwa kasi kupita nyingi nyingine, lakini pia huyeyuka kwa dawa ikiwahiwa mapema, na watoto wengi wamepona. Kwa hiyo mwalimu anayeona shavu la mwanafunzi limevimba na meno yakicheza, au mama anayeona vivyo hivyo nyumbani, asimnunulie mtoto huyo dawa ya kusukutua, wala asimpeleke kung'olewa jino kwanza, bali ampeleke hospitali juma hilo hilo, na huko aseme kwa kinywa kipana meno yalianza kulegea lini.